Jina Kevine na Herufi Yake ya Mwisho

(Maneno yaliyosemwa na mwalimu mkimbizi mbele ya wajumbe wa makambi na wakimbizi wa mjini, Kigali, katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani. Kamati imeomba yachapishwe katika jarida hili la kumbukumbu.)



Tumepewa dakika ishirini, na Mwenyekiti ametuonya mapema kwamba walimu wakishika kipaza sauti hawakiachi. Tutajitahidi. Barua ya Kamati ilituomba tuseme neno juu ya elimu na utambulisho wa mkimbizi. Kichwa hicho ni kikubwa, na sisi ni mwalimu wa shule ya msingi tu. Kwa hiyo tumeona heri tuchukue kitu kidogo kinachoenea kiganjani: jina moja la msichana, lenye herufi sita, na hasa ile herufi ya mwisho. Jina lenyewe ni Kevine.

Mnalijua. Ukiita "Kevine!" pale soko la Kimironko, hukosi msichana wa kugeuka. Makambini ni vivyo hivyo. Katika madaftari ya mahudhurio tuliyoyashika kwa miaka yetu ya kazi tumeliona likiandikwa Kevine, Kevyne, Keveen, Kevina, Kevini, na mara moja Kevène yenye mkwaju juu ya e, kazi ya mzazi aliyesoma kwa masista. Wazee wetu hulitazama jina hili kwa shaka kidogo. Husema: hilo si jina la kwetu, si la Biblia, si la mtakatifu, ni jina la sinema. Leo tunataka kuwaonyesha wazee wetu, kwa heshima zote, kwamba si yote katika hayo yaliyo ukweli, na lile la sinema ni ukweli nusu.

Lakini kwanza inatupasa kukiri kosa, maana ndilo lililotuleta kwenye somo hili.

Mwaka 2017 tulikuwa tunafundisha darasa la sita. Tulikuwa bado vijana katika kazi, tumetoka chuo cha ualimu miaka michache iliyopita, na kalamu yetu nyekundu ilikuwa na kiburi kuliko sisi wenyewe. Tulikuwa na mwanafunzi mmoja, msichana mwenye akili na asiye na maneno mengi, aliyeandika juu ya kila karatasi yake: Kevine. Siku moja tukiandaa orodha ya watahiniwa wa mtihani wa taifa tulimwita mezani, tukamwambia kwamba Kevin ni jina la Kiingereza, halina e mwishoni, na kwamba mtu anayekwenda kufanya mtihani wa taifa hawezi kuandika jina lake kwa makosa. Tukaikata ile e kwa mstari mmoja. Mtoto hakubisha. Mtoto wa kambini amefundishwa kutobishana na mwenye kalamu.

Orodha ilikwenda. Aliyeiingiza katika kompyuta hakuwa amemwona mtoto. Aliona Kevin, na katika safu ya jinsia akaandika mvulana. Matokeo yalipotoka binti yule alikuwa amefaulu vizuri sana, na akapangiwa shule ya bweni. Ya wavulana. Baba yake alikopa nauli, akanunua godoro na sanduku la bati, wakasafiri hadi getini, na hapo getini watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka. Walirudi na godoro lao. Marekebisho yalipopatikana muhula wa kwanza ulikuwa umekwisha na nafasi za bweni zimejaa, akaishia shule ya kutwa, akitembea.

Tulifikiri habari imeishia hapo. Haikuishia.

Mwaka 2023 familia ile iliitwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Mhojaji alikuwa na karatasi mbili mbele yake. Kadi ya familia ilisema Kevine, msichana. Cheti cha shule kilisema Kevin, mvulana, wa mwaka ule ule wa kuzaliwa. Akauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye kazi ile angeuliza: hawa ni watoto wawili au mmoja? Na kama ni wawili, yule wa pili yuko wapi?

Mama wa mtoto alinyamaza, kisha akaanza kulia, na kilio chake kikaandikwa katika faili kama jambo la kuchunguzwa. Sababu ya kilio hicho tutaisema baadaye, kwa sababu na sisi tuliijua baadaye.

Ndugu zetu, baada ya siku ile tulianza kulifuatilia jina hili kama mtu anayefuatilia nyayo za ng'ombe aliyepotea. Tuliuliza mapadri, tuliomba vitabu, tulikaa katika maktaba za hapa Kigali siku za likizo. Tuliyoyakuta ni haya.

Jina Kevin si la Kiingereza. Ni la Kiirishi, la watu wa Ireland, kisiwa kidogo magharibi mwa Uingereza kilichotawaliwa na Waingereza kwa karne nyingi. Kwa lugha yao huandikwa Caoimhín. Msijaribu kulisoma kama tunavyosoma sisi: katika Kiirishi herufi m na h zikikaa pamoja huweza kutoa sauti ya v, na jina zima hutamkwa karibu na "Kwivin". Limeundwa na maneno mawili ya kale, la kwanza likiwa na maana ya upole, upendeze, kitu kinachopendwa, na la pili likiwa na maana ya kuzaliwa. Yaani aliyezaliwa mpole, au mzaliwa wa kupendeza. Wanyarwanda walioko hapa wanaona mara moja kwamba maana hiyo haiko mbali na Ineza, wala na Keza. Mama anayemwita binti yake Ineza Kevine, na wako, amemwita kitu kimoja mara mbili bila kujua.

Mtakatifu yupo pia. Kevin huyo aliishi karne ya 6 katika milima ya Wicklow, mahali panapoitwa Glendalough, maana yake bonde la maziwa mawili. (Maziwa ya maji, siyo ya ng'ombe, tunawaona wazee wa Masisi wameinua vichwa.) Alijenga monasteri huko, na mapokeo yanasema alifariki mwaka 618. Hadithi wanayoipenda watu wake ni kwamba alikuwa akisali amenyoosha mkono nje ya dirisha, ndege mweusi akaja akataga yai katika kiganja chake, naye hakuurudisha mkono mpaka kinda likatotolewa. Ni hadithi. Lakini mtu anayekaa na mkono umenyooshwa, akingoja kitu ambacho hakiwezi kuharakishwa, sisi wa makambini hatuhitaji kuelezwa.

Sikukuu yake ni tarehe 3 Juni. Wakatoliki mmeshastuka: hiyo ni siku ya Mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Ndiyo maana katika kalenda zetu za parokia Kevin haonekani. Siku yake imefunikwa na jirani mkubwa. Mzee anayesema hakuna mtakatifu wa jina hilo amesoma kalenda yake sawasawa, ila ukurasa ulikuwa umejaa.

Sasa tuangalie jambo lililotutia haya. Sisi tuliikata e tukidai kwamba Kevin ndilo jina sahihi. Kumbe Kevin lenyewe ni jina lililoandikwa na wageni kwa kadiri sikio lao lilivyosikia. Ukitoka Caoimhín mpaka Kevin zimeanguka herufi nyingi kuliko ile moja iliyoongezwa kutoka Kevin mpaka Kevine. Mtakatifu mwenyewe akisimama kwenye foleni ya posho akaitwa "Kevin" kwa mwandiko wetu, angesubiri mwenye jina hilo apite.

Na je, ni jina la kiume? Hapa inabidi tuvuke mpaka wa Gatuna twende Uganda.

Katika jimbo lile lile la Wicklow, mwaka 1875, alizaliwa msichana aliyeitwa Teresa Kearney. Alikuwa yatima tangu utotoni. Akajiunga na masista Wafransisko wa Mill Hill, London, na alipoweka nadhiri akachukua jina la mtakatifu wa nyumbani kwao: Mary Kevin. Mwezi wa Januari 1903 alifika Nsambya, Kampala, pamoja na masista wenzake watano. Walianza kutibu watu chini ya mwembe. Mwembe ule ndio ukawa hospitali ya Nsambya. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia aliwauguza wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya majeshi na kurudi wakiwa mifupa. Mwaka 1923 alianzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambao hadi leo wanafanya kazi Uganda, Kenya na Tanzania. Alifungua vituo vya wakoma, akapigania wasichana wafundishwe uuguzi na ukunga. Alifariki Marekani mwaka 1957 akiwa katika kuchangisha fedha za kazi hiyo, akazikwa Ireland, lakini Waganda hawakukubali. Waliomba mwili wake, ukafukuliwa, ukaletwa kwa ndege, ukazikwa upya Nkokonjeru mwaka ule ule.

Katika Kiganda watu walilichukua jina lake wakaliweka irabu mwishoni, kama lugha zetu zipendavyo, likawa Kevina. Likaacha kuwa la mtu tu. Likatumika kwa maana ya hospitali, au nyumba ya huruma. Mgonjwa alipelekwa kevina. Na wasichana wa Uganda wamebatizwa Kevina tangu zamani, kabla ya sinema yoyote. Hivyo katika nchi zetu hizi za maziwa makuu, Kevin wa kwanza aliyejulikana na watu alikuwa mwanamke. Sisi tuliosema "Kevin ni jina la kiume" tulikuwa kilomita mia chache tu kutoka mahali ambapo bibi mmoja anayejiita Kevina angetushika sikio.

Hiyo ni njia ya kwanza. Njia ya pili ni ya Kifaransa, na ndiyo iliyoleta ile e.

Shuleni tulifundishwa: kutoka Martin unapata Martine, kutoka Justin unapata Justine. Mbele ya macho imeongezwa herufi moja, na masikioni sauti imebadilika kabisa. Martin huishia puani, Martine huishia ulimini. Wazazi wetu wamelelewa katika kanuni hiyo. Claudine, Joséphine, Alphonsine, Jacqueline: mwisho wa -ine kwetu ni kitambaa cha kichwa, ukikiona unajua ni binti. Basi mzazi aliyempata binti na kulipenda jina Kevin alifanya kile sarufi aliyofundishwa ilimtuma afanye. Hakukosea. Alifuata kanuni kuliko Wafaransa wenyewe.

Tatizo ni kwamba Kevin si neno la Kifaransa, na Wafaransa wenyewe hawalitamki puani. Hulitamka kama lina e tayari. Kwa hiyo Kevin na Kevine, kwa mdomo wa Mfaransa, ni sauti moja. Na kwa mdomo wetu sisi wa Kiswahili na Kinyarwanda, yote mawili ni "Kevini". Karani anayeandika anachosikia hawezi kujua. Hapa ndipo ajali zetu nyingi zinapozaliwa, na tunawaomba ndugu zetu wa mashirika walitie jambo hili akilini: kuna majina ambayo tofauti yake haisikiki kabisa, inaonekana tu.

Kuhusu sinema, wazee wana haki yao. Mwaka 1990 ilitoka filamu ya Kimarekani, Home Alone, juu ya mtoto Kevin ambaye wazazi wake walimsahau nyumbani katika haraka za kuwahi ndege. Ilizunguka dunia. Mwaka ule ule alivuma mwigizaji Kevin Costner. Huko Ufaransa jina hili lilikuwa la kwanza kati ya yote waliyopewa wavulana tangu 1989 hadi 1994. Mwaka 1991 peke yake waliandikishwa zaidi ya 13,000. Sisi filamu ile tuliiona katika kibanda cha video, imetiwa sauti za Kifaransa, na watu wote walicheka mpaka benchi likavunjika. Miaka baadaye tuliionyesha kambini kwa wanafunzi. Walicheka vilevile, isipokuwa katika dakika zile za mwanzo, familia inapohesabu watoto na kukosea hesabu. Hapo palikuwa kimya.

Tuseme pia, kwa sababu walimu wenzetu wapo: mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Oldenburg, Ujerumani, kilitangaza utafiti juu ya walimu wa shule za msingi na majina ya wanafunzi. Ilionekana kwamba walimu wengi humhukumu mtoto kwa jina kabla ya kuona daftari lake, na jina lililochukiwa kuliko yote lilikuwa Kevin. Mmoja aliandika kwamba hilo si jina, ni ugonjwa uliokwisha kupimwa. Tuliposoma hayo tulitaka kuwacheka Wajerumani. Kisha tukakumbuka kalamu yetu.

Kwa nini kizazi chetu kilipenda majina haya ya mbali namna hii? Tunaotoka Kongo tunalo jibu letu. Mwaka 1972 Rais Mobutu, aliyekuwa ameacha kuitwa Joseph-Désiré, aliamuru Wazaire wote waache majina ya ubatizo wa Kizungu, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo. Wazazi wetu walikuwa na majina mawili: la ofisini na la chini ya kanga. Amri hiyo ilikuja kulegea mwaka 1990. Fikirini watu waliokaa miaka kumi na minane bila ruhusa ya kutaja jina la Maria hadharani, halafu mlango umefunguliwa, na siku zile zile redio na video zimejaa majina mapya. Walichota kwa mikono miwili. Wengine walichota na vikombe vya jirani.

Na hata majina ya asili hayakusalimika. Jina moja, lenye asili moja, huandikwa Ciza Burundi, Cyiza hapa Rwanda, na Chiza Kongo na Kigoma. Ndugu watatu waliotawanyika na vita wanaweza kukutana baada ya miaka ishirini wakiwa na tahajia tatu, na kila mmoja ana karatasi yenye muhuri. Mkongomani ana jina, ana jina la pili la Kizaire, ana la ubatizo. Fomu nyingi zina nafasi mbili, basi moja hubaki mezani. Aimé, mpendwa, akipita kwenye kompyuta isiyojua mikwaju, hutoka Aime, ambalo si jina tena, ni kitenzi. Na Mnyarwanda kwa desturi hampi mtoto jina la baba. Kila mtoto hupewa lake siku ya kumwita jina, kwita izina, jamaa wamekusanyika na watoto wa jirani wakipendekeza. Ndugu wa tumbo moja wana majina yasiyofanana hata kidogo. Afisa aliyetoka nchi za ukoo mmoja jina moja huona faili la namna hiyo akafikiri amechanganyiwa familia tano. Nchi hii hata sokwe wa milimani hupewa majina kwa sherehe tangu 2005, na hatujasikia sokwe aliyeandikwa vibaya. Hayo ni maneno ya mzaha, waheshimiwa, tusamehewe.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema katika kifungu cha 7 kwamba mtoto aandikishwe mara azaliwapo, na awe na haki ya jina. Kifungu cha 8 kinataka serikali ziheshimu haki yake ya kulinda utambulisho wake, na jina limetajwa humo. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 27, unataka mkimbizi asiye na hati ya kusafiria apewe karatasi za utambulisho. Tunavijua vifungu hivyo, tumevifundisha. Lakini vifungu havitaji kalamu nyekundu.

Turudi kwa mama yule.

Baada ya mahojiano ya 2023 tulikwenda nyumbani kwake, tukavua kofia, tukamwambia sisi ndio tuliokata ile herufi. Akatukaribisha kiti. Akatuambia hivi: mtoto wake wa kwanza alikuwa mvulana, alizaliwa mwaka 1994, akamwita Kevin. Walipokimbia mwaka 1996 mtoto huyo alibaki njiani. Hakusema alibakije, nasi hatukuuliza. Miaka ilipita, akapata binti kambini, na hakutaka jina lile lipotee duniani, wala hakutaka mtoto aliye hai abebe jina la marehemu. Muuguzi wa zahanati akamwambia: ongeza e, itakuwa lake mwenyewe.

Kwa hiyo mhojaji alipouliza kama watoto ni wawili, na wa pili yuko wapi, mama alikuwa ameulizwa swali la kweli na mtu asiyejua. Na aliyemfufua Kevin katika karatasi, na kumpa mwaka wa kuzaliwa wa dada yake, alikuwa sisi.

Tuliandika barua ya kukiri, tukatia sahihi, tukaipeleka sisi wenyewe. Ilizunguka ofisi baada ya ofisi, nayo haikukataliwa mahali popote. Kila mahali ilingoja tu. Ilichukua miezi kumi na minne. Cheti kilichosahihishwa kilitoka Novemba 2024. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia ile ilikuwa katika orodha ya kwenda huko. Hatuwezi kudai kwamba herufi moja ndiyo iliyowazuia. Faili huchelewa kwa mengi, na wako waliokuwa na majina yaliyonyooka kabisa ambao wamebaki nasi. Lakini miezi kumi na minne tunaijua ni ya nani.

Binti amemaliza shule ya sekondari. Ametupa ruhusa tuyaseme haya, kwa sharti moja, kwamba tuandike jina lake vizuri.

Mwisho ni tangazo. Kamati imeweka meza pale mlangoni, na makatibu watatu wanaandika majina ya watoto wote ambao karatasi zao hazikubaliani, ili orodha ipelekwe ofisini kwa pamoja badala ya kila mzazi kuhangaika peke yake. Leteni kadi ya familia, kadi ya chanjo ya mtoto, cheti cha kuzaliwa kwa walio nacho, na karatasi yoyote ya shule hata kama imeraruka. Msiogope kuleta karatasi yenye kosa. Hiyo ndiyo inayotakiwa. Walimu wenzangu, njooni na madaftari yenu ya mahudhurio, na kalamu nyekundu ziacheni nyumbani.

Yule katibu wa katikati, mwenye kitambaa cha njano, ndiye Kevine. Atawaomba mtaje jina herufi kwa herufi, kisha atageuza daftari upande wenu mlisome kabla ya kuondoka. Anachukua muda, na foleni yake ni ndefu kuliko za wengine.